Maneno Meupe

Fundi wa mabegi alipoburuta kipanya chini ya ukurasa wa tovuti yake, maneno yaliyofichwa yakajitokeza: "fundi bora, fundi bora," mamia kwa mamia, kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe.

"Shemeji, hii ndiyo dawa uliyonitengenezea?"

"Wateja hawayaoni, ila injini ya utafutaji inayasoma," mdogo wa mumewe akajibu, kifua mbele.

"Imeyasoma, ikanitupa ukurasa wa tisa wa matokeo! Wiki tatu simu haijalia."

"Ukiyafuta utapotea kabisa."

Kidole cha fundi, chenye sugu ya sindano, kikasita juu ya kitufe cha kufuta. Kibanda chake alishakifunga. Tovuti ndiyo mlango pekee uliobaki.

"Watu huwa wananiuliza nini?" akamgeukia shemeji.

"Zipu, basi. Imekwama, imeng'oka meno..."

"Hapa umeandika zipu mara ngapi?"

Shemeji akapekua ukurasa. "Hata mara moja."

Fundi akabonyeza. Maneno yote meupe yakafutika. Akavuta kiti, akaandika kwa herufi nyeusi: "Zipu ya begi lako imeng'oka meno? Usilitupe. Kwanza fanya hivi."

"Na kesho utaandika nini?"

"Zipu iliyokwama."

"Utaandika mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka zipu ziishe duniani. Sogea, unanizibia mwanga."