Kikombe Kilichodunda

"Mimi siyo mgonjwa!" Zablon alifoka, akakivurumisha kikombe cha chai ukutani kwa nguvu zake zote.

Kikombe kiligonga ukuta, kikadunda sakafuni, kikabingirika mpaka miguuni pake. Hakikuwa na hata ufa. Kilikuwa cha plastiki.

Asubuhi ile daktari alimwambia, mbele ya mkewe, kwamba hizo hasira zake ni tatizo la haiba, yaani ugonjwa wa hulka ya mtu, na kwamba linatibika akikubali. Njia nzima ya kurudi nyumbani Nzuguni alimtukana daktari huyo. Ati haiba! Watu wamchokoze wenyewe, halafu mgonjwa awe yeye?

Alikiokota kikombe, akakigeuzageuza. Vile vya udongo walivyozawadiwa harusini vilikwenda wapi? Akafungua kabati. Sahani zote zilikuwa za bati. Bakuli la mlenda lilikuwa la plastiki. Pale kilipokuwa kioo cha kujitazamia palibaki msumari mtupu.

"Mama Sidonia, tangu lini?" akamuuliza mkewe.

"Muda mrefu, baba. Kila ulichovunja, nilinunua kisichovunjika."

Alisema taratibu, kama anayetaja bei ya nyanya, na huo upole ndio uliompandisha Zablon mori. Kumbe humu ndani anafugwa kama mnyama!

Macho yake yakazunguka chumba kizima yakitafuta kitu, chochote, kitakachovunjika. Yakatua kwa mkewe.

Alikuwa amesimama mlangoni. Tangu watoke hospitali hakuwa amevua viatu, wala hakuwa amemshusha mtoto mgongoni.