Meza ya Barazani

"Kichwa tu, mwanangu," alisema mama mwenye buibui. Clotilda, muuguzi wa zahanati moja ya Kariakoo, akaandika "kichwa" kitabuni. Kisha akaona damu ikiteremka kwenye kifundo cha mguu wa yule mama na kuingia kwenye makubadhi.

Akasoma ukurasa mzima. Wanawake kumi na tisa, wote kichwa. Meza ya kuandikishia wagonjwa ilikuwa barazani, hatua mbili kutoka benchi la wanaume.

Akasimama, akaanza kuiburuta meza kuelekea stoo ya dawa.

"Wee binti wa Kichaga!" alifoka dresa mkuu, mfunga vidonda aliyeisimamia zahanati. "Meza imekaa hapo miaka sita. Irudishe, ama kesho usije."

"Kesho nitakuja, mzee. Nishikie upande huo, mlango ni mwembamba."

Wanaume wa benchini wakacheka. Dresa hakusogea. Clotilda akailaza meza ubavu, akaipitisha peke yake, akamwingiza yule mama na kutia komeo.

"Hapa tupo wawili tu, mama. Ni kichwa kweli?"

Yule mama aliutazama mlango, kisha akakaa juu ya sanduku la bandeji.

"Leo siku ya arubaini," alisema. "Damu haijakatika."