Viatu Mlangoni

Umeme ulirudi, lakini ukurasa wa intaneti ambao Kavindu alikuwa akiitengenezea hoteli moja ya Diani, kazi yake ya kwanza, ulikuwa umepotea. Hakuwa ameuhifadhi.

"Mwenye hoteli yuko mlangoni," mwalimu wake wa kompyuta alinong'ona. "Nimwambie aje kesho, mwanangu?"

Kavindu aliitazama miguu yake mitupu juu ya sakafu ya baridi, maana chumba cha kompyuta hakikuingiwa kwa viatu. Siku ya kwanza ya masomo aliificha kwa aibu chini ya kiti, akaogopa hata kushika kipanya. Siku zile, jambo kama hili lingemliza.

Sasa vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika upya, bila kitabu.

"La, mwalimu," alisema. "Mwambie avue viatu, aingie."