Mbuke Anarudi Nyumbani

Edson alibana kona ya ukurasa kwa kidole gumba, akakohoa kama mhubiri, akaanza kusoma kitabu ambacho hakujua hata herufi yake moja.

"Kiti kitupu, karibu na dirisha," alisema. "Mbuke amechelewa shule. Kiti chenyewe kimenuna."

Ritha, mdogo wake, alicheka taratibu, mkono mbavuni. Alikuwa na miaka kumi na minne, na seli mundu ilikuwa imemlaza wiki ya tatu katika wodi ya wanawake, Shinyanga mjini. Safari hii daktari alimwita Edson pembeni akaongea kwa sauti ya chini, na Edson, mtu ambaye angetania hata msibani, aliinama akafunga upya kamba za viatu. Mama yao alishafariki. Walikuwa wamebaki wawili: yeye, aliyeacha kazi ya kusaga mawe ya dhahabu kwenye karasha kule Nyarugusu, na huyu.

Kitabu kilitoka kwenye mfuko wa begi la mtumba alilomnunulia Ritha. Kilikuwa cha katuni za Kijapani: msichana mwenye macho makubwa kama sahani, anazunguka mara moja, anawaka mwanga, anapigana na majitu. Maandishi yake yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Edson alimwachia akatoka kununua chai. Foleni ikamchelewesha. Aliporudi, Ritha alikuwa amekifungua tayari, anamsubiri.

"Nisomee kuanzia hapa, kaka."

Ukurasa wa tatu ndipo Edson alipoona namba chini. 190, 189, 188. Zinashuka. Kumbe kitabu kilianzia upande wa pili, na kiti kile kitupu ndio ulikuwa mwisho. Baadaye, kwenye benchi la nje, alikipitia sawasawa. Msichana anaondoka kwao, anapata marafiki, anawapoteza mmoja mmoja, kisha anautoa mwanga wake wote kuokoa mji. Anayeyuka. Darasani hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba aliwahi kukaa pale.

Ritha asiuone mwisho huo. Hilo tu ndilo Edson aliloliomba kwa Mungu, maana mengine alikuwa ameshaambiwa na daktari. Mtoto alikuwa amekosea upande. Kosa hilo liachwe lilivyo. Tangu hapo kidole gumba hakikubanduka kwenye kona.

Na kinyumenyume hadithi ilikuwa tamu. Msichana, ambaye Edson alimpa jina la Mbuke, alitokea katikati ya mwanga, mwembamba kama moshi, akazidi kupata nguvu kila ukurasa. Paka wake mweupe aliongea kama dalali wa dhahabu, haapi bila kudanganya. Jitu lililokuwa limeumeza mwanga wa Mbuke likautapika wote.

"Limekula nini?" Ritha aliuliza.

"Chipsi za stendi."

Bi Mwamvua, bibi wa kitanda cha pili aliyevunjika nyonga, aligeukia ukutani, mabega yakitikisika.

Kila saa ya kuona wagonjwa walisoma kurasa saba, basi. Kengele ikilia, Ritha alimshika shati.

"Kesho utakuja?"

"Nisipokuja Mbuke atapigana na nani? Jitu lenyewe si ndiyo mimi?"

Kurasa za katikati zilijaa watu. "Mbona marafiki zake wanaongezeka tu?" Ritha aliuliza.

"Amenunua bando la mwezi."

Kuna rafiki mmoja alikuwa amelala kwenye vumbi, amefumba macho. Picha iliyofuata amesimama. Ritha aliitazama muda mrefu.

"Huyu ameamka."

"Alikuwa anajifanya. Kama wewe siku ya mtihani wa hesabu."

Hapo kidole kikateleza, namba ikabaki wazi. Edson akaifunika haraka. Bahati nzuri Ritha alikuwa ameshageuka, anaangalia dirishani.

Jumatano jioni zilibaki kurasa kumi na mbili. Edson alitaka kuziacha nyingine za kesho. "Leo tumalize," Ritha alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na alizungumza kwa kupumzika katikati ya maneno.

Picha ya kwanza kabisa kitabuni, ambayo kwao ilikuwa ya mwisho, ilimwonyesha Mbuke yuko kwao asubuhi, hana fimbo wala mwanga, nywele timutimu. Mama yake anampakulia chakula.

"Ugali wa Kijapani huo," Edson alisema. "Mama yake anamwambia, karibu mwanangu, kula kabla haujapoa." Akageukia dirishani, akasingizia kikohozi.

"Wabeja, kaka," Ritha alimshukuru, kwa Kisukuma cha mama yao.

Alhamisi Edson alifika getini na chupa ya uji kabla ya kengele ya asubuhi. Nesi alitoka kumfuata mwenyewe.

Alipoingia kukusanya vitu vya Ritha, Bi Mwamvua alikuwa ameketi kitandani, amejifunika kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Edson akamnyooshea kitabu. "Mpelekee mjukuu wako. Ila akianzie upande huu. Huo mwingine Ritha hakuujua, namshukuru Mungu."

Bi Mwamvua akakipokea, akakifungua upande ule mwingine, kama anavyofungua msahafu wake. Akakifunga.

"Siku ile umekwenda kununua chai," alisema, "mimi ndiye niliyemwonyesha kinakoanzia. Alikipekua chote. Akalia, akajifuta, akakigeuza mwenyewe, kisha akaniomba ninyamaze. Alisema, 'Bibi, kaka akijua nimeshauona mwisho, ataacha utani. Na akiacha utani, hapa mimi nitakaa na nani?'"