Mbuzi wa Thadeus Ombati

Mbuzi alilia langoni kabla ukungu haujaonyesha aliyemleta. Persis akatua kikapu chake cha majani chai, akasikiliza. Vikafuata vicheko, kisha Obwocha, mwenye duka pale Ikonge, akajitokeza na vijana wake, kamba mkononi.

"Bwana Sajini yuko?" akauliza. "Tumemletea mbuzi wake. Amemsubiri tangu vita vya Wajapani."

Fumbo hilo kila Mgusii alilielewa. Mwanamume aliyeua vitani hakuingia nyumbani mwake kabla ya kuchinjiwa mbuzi na kutamka mbele ya wazee amemuua nani. Hapo hapasemwi uongo, ukisema damu inakurudia. Lakini Thadeus Ombati aliporudi kutoka Burma hakuchinjiwa hata kuku. Sasa aliomba kura za ubunge na nishani kifuani, na Obwocha, mpinzani wake, alizunguka masokoni akiuliza: shujaa gani huyu asiyeua?

Persis aliumia kuliko wote. Marehemu mumewe, Angwenyi, alikuwa mdogo wake Ombati, na katika kikosi chao Wagusii walikuwa wao wawili tu. Ombati alirudi peke yake. Akasema Mjapani alimpiga Angwenyi risasi, naye akamzika kwa mikono yake. Maneno hayo Persis aliyalalia na kuyaamkia miaka yote ya ujane.

Ombati akatoka nje. Persis akamsihi kwa macho: chinja, shemeji, wataje hao Wajapani uliowaangusha, tupumue.

Ombati akamtazama mbuzi, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Mrudisheni," akasema. "Sikuua mtu. Nilikuwa mpishi wa jeshi. Bunduki niliibeba tu."

Vijana wakaondoka wakiimba wimbo wa sajini wa sufuria, na hata mbuzi alipotokomea, wimbo ulibaki unapanda kilima. Ubunge ulikwenda nao.

Persis hakuulilia ubunge. Alisimama mbele ya shemeji yake. Akamwambia kwamba kama hakufika vitani, basi Angwenyi alikufa bila kuonwa na wa kwao, na huenda mifupa yake iliachiwa fisi.

"Nijibu, shemeji, au nirudi kwetu leo hii. Ulimzika mume wangu, au hukumzika?"

Ombati akaketi kwenye majani mabichi.

"Nilimzika."

"Basi hukuwa mpishi. Kwa nini umejivua nguo mbele ya Obwocha?"

Ombati akazing'oa nishani zake, moja baada ya nyingine, akamwekea kiganjani.

"Kawaite wazee," akasema. "Nakuahidi, Persis, nitamtaja mbele yao yule mmoja niliyemuua, aliyelala na tumbo wazi akinisihi kwa Ekegusii, lugha yetu, nimmalize."