Komba na Hadithi ya Mama Yake

Palikuwa na Komba aliyetamani sana kuwa mtunzi wa hadithi. Lakini kila aliposimulia vita vya simba, ambavyo hakuwahi kuviona, wanyama walisinzia. Nyegere, mkali wa ulimi, akamwambia, "Acha, ndugu yangu. Huna kipaji."

Komba akamwendea Bi Kobe akilia.

"Wewe mwenyewe unakumbuka nini?" Bi Kobe akamwuliza.

"Namkumbuka mama tu."

"Basi anzia hapo."

Jioni ile Komba akasimulia jinsi mama yake alivyombeba mdomoni toka tawi hadi tawi, akinukia utomvu wa mgunga, kabla msitu wao haujaungua. Wanyama wakanyamaza. Komba akadhani ameharibu tena, akakoma.

"Mbona unakatisha?" akauliza Nyegere, machozi yakimlengalenga. "Endelea. Nilikuwa nimeisahau harufu ya mama yangu."