Kioo cha Nyuma Kushoto

Katika gulio lile la magari ya zamani, kipuri hubadilishwa kwa kipuri, na anayetoa bure hudhaniwa ameiba. Mbaruku alikuja na mkono wa kuzungushia kioo, kipande cha mwisho cha gari la marehemu babake. Vingine vyote alishavibadilisha hapohapo, kimoja kimoja, na tangu hapo hakuthubutu kulizuru kaburi la mzee.

Ghafla akasimama. Gari lenyewe lilikuwa mbele yake, zima, na kwenye usukani zilikuwepo alama za meno yake ya utotoni.

"Nimelikusanya miaka tisa," alisema mwenyewe, mama mmoja mwenye grisi hadi viwikoni. "Limebaki dirisha la nyuma kushoto tu. Kioo hakishuki."

Mbaruku akatoa ule mkono mfukoni. Mama akaupachika, ukaingia bila ubishi.

"Haya kaka, nikupe nini?"

"Niache nikae nyuma kidogo."

Akaingia, akakaa pale alipokuwa akikaa na sare za shule. Akazungusha. Kioo kikashuka taratibu hadi chini. Mbaruku akashusha pumzi, akatoa kichwa nje kama zamani, akasubiri kukemewa na mzee.